Nuhu alilewa baada ya gharika

Somo: Mwanzo 9:20-23



Nuhu hakulewa wakati wa gharika. Alilewa baadaye, nchi ilipokwisha kukauka. Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika tangu 1996 tunalijua jambo hili. Mtu alistahimili vita na njaa, kisha ulevi ukamshika hapa penye usalama. Hana shamba, hana kazi, usiku anawakumbuka waliokufa. Anatafuta gongo au bangi ili asahau. Asubuhi huzuni iko palepale, lakini unga wa posho umeuzwa na watoto wamelala njaa.

Hamu alimwona baba yake uchi, akatoka kutangaza. Shemu na Yafethi waliingia kinyumenyume, wakamfunika. Kumfunika mlevi si kuficha kwamba anampiga mke wake. Ni kuacha kumcheka, kumtembelea akiwa hajanywa, na kumsindikiza kituo cha afya. Maana aliyezoea pombe kali miaka mingi, akiiacha ghafla, anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa.

Nanyi mama zetu mnaopika gongo ili mpate sabuni na chumvi, shida yenu tunaijua. Lakini Habakuki 2:15 inamwonya anayemnywesha jirani yake, na gongo yenye methanoli hupofusha na kuua. Wazee wa kanisa, tusiwakemee tu. Tuchange mtaji ili wauze mboga.

Ndugu, nani atabeba vazi juma hili?

Amina.