Aliyepitisha Tu
Kiongozi wa wanamgambo Thomas Lubanga alipotiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague mwaka 2012, kwa kuingiza katika kundi lake la wapiganaji watoto wa chini ya miaka 15 hapa Ituri, haikuhitajika kuthibitisha kwamba alifyatua risasi yeye mwenyewe. Kijana wa Bunia anayesambaza kwa WhatsApp sauti isiyo na jina, inayowaita vijana wa kabila lake wanawake kwa kuwa hawajalipiza kisasi, hana kosa zito kama hilo, lakini analo. Atajitetea: nimepitisha tu, na onyo huokoa maisha. Ni kweli, ila onyo hutaja barabara, saa na aliyeona. Sauti ile inataja kabila tu. Na uanaume gani huu, kumtuma mwenzako akaue jirani huku wewe umebaki nyumbani na simu?