TUMEMZIKA, TUSIMSAHAU



Juma hili tumemzika baba yetu, mwalimu mwenzetu. Tumelia, na machozi si dhambi. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8 wa Hijra (629), Mtume (s.a.w.) aliwaendea watoto wake, akawakumbatia huku akitokwa na machozi. Kisha akaagiza jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula, kwani msiba umewashughulisha.

Na sisi je? Twaenda matanga kula, na mjane twamwachia deni! Aliyemdai marehemu aseme leo. Aliyekopa kwake arudishe. Na sisi walimu wenzake, watoto wake wasifukuzwe shuleni kwa kukosa minervali, nasi tupo.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amina.