Mkopo wa halmashauri ni deni, si ngawira



Ndugu zangu Waislamu, kwa miaka mingi tumelalamika kwamba mikopo imejaa riba, na riba ni haramu. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tangu mwaka 2018 sheria ya Tanzania Bara inazitaka halmashauri, za majiji na za miji kama Korogwe, Masasi na Kondoa, zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba.

Tumeifanyia nini? Ripoti za CAG zilionesha vikundi hewa na mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha, ikarejea mwaka 2024. Na bado hata darsani namsikia mtu akisema bila haya: "Hiyo hela ya serikali, haina mwenyewe."

Anaye! Mapato ya ndani ni ushuru wa soko, ni jasho la mama muuza mchicha. Tena fungu hili linazunguka: ukirejesha wewe, anapewa mwingine. Usiporejesha umemdhulumu mjane aliye nyuma yako, naye ndiye atakayekudai mbele ya Allah.

Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwisha deni lile. Nani miongoni mwetu atajitwisha la kwako?

Na wewe afisa unayegawa kwa mashemeji na wafuasi wa chama, soma Suratun Nisaa aya ya 58: amana zifikishwe kwa wanaostahiki.

Dini yetu haimkandamizi aliyekwama. Suratul Baqara aya ya 280 inataka mwenye dhiki apewe muda. Basi kikundi kilichopata hasara kiende halmashauri kikaseme kweli, kisibadilishe namba ya simu. Na aya ya 282 inaamrisha deni liandikwe. Vikundi vya waumini wetu visome hesabu zao mbele ya wanachama kila mwezi.

Tukishindwa kurejesha mkopo usio na riba, tutakuwa na uso gani wa kulaumu riba ya wengine?