Kanzu ya Yusufu na Gari Jeupe

Soma: Mwanzo 37:31–35, 45:25–28



Tarehe 21 Novemba 2017, huko Kibiti katika mkoa wa Pwani, mwandishi wa habari Azory Gwanda aliondoka pamoja na watu waliokuja kwa gari jeupe, Land Cruiser. Alikuwa ameandika habari za mauaji yaliyotendeka Kibiti na Rufiji. Mkewe alisimulia ya kwamba gari lilifika hata shambani alikokuwa. Mumewe akamwuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akamwambia ana safari ya haraka, na asiporudi siku ile atarudi kesho yake. Hakurudi. Na miezi minne kabla ya hapo, huku kwetu juu, Simon Kanguye, mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya ya Kibondo, alikuwa ametoweka vilevile.

Nami hapa Heru Juu nimesikia mengi juu ya gari lile, kisimani, njiani, hata mlangoni pa kanisa. Mmoja asema limezamishwa mtoni. Mwingine asema limebadilishwa rangi. Wa tatu ajua hata nambari yake, naye hajafika Kibiti tangu azaliwe!

Basi tazameni nyumba ya Yakobo. Wale ndugu walichovya kanzu katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao, wakamwuliza tu kama aitambua. Mbele yake hawakumtaja mnyama. Mzee mwenyewe ndiye aliyemtaja. Aliona nguo, akaona damu, moyo wake ukamaliza hadithi. Nao waliojua kweli wakasimama kumfariji, wakila naye sahani moja, miaka zaidi ya 20. Hili lanitisha kuliko damu ya mbuzi. Asiyejua alisema, na aliyejua alinyamaza.

Msidhani kwamba kubuni habari za gari ni mchezo wa jioni. Mwezi Oktoba 2016, katika wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao, waliotoka Arusha, walifika kuchukua udongo wa kupima. Watu wakaliona gari geni, ikasemwa ni mumiani. Wote watatu wakauawa, na gari likachomwa moto. Wale nao walikuwa na jamaa waliongoja kwao. Amri ya nane twaifundisha watoto wa kipaimara, kisha sisi wazee twaivunja kwa midomo mitupu.

Walakini sisemi, Nyamazeni. Yuko mchungaji ambaye angependa kusema hivyo, maana ni salama. Nami nimekuwa mchungaji huyo zaidi ya mara moja. Kunyamaza ndiko kulikowaponza wana wa Yakobo. Aliyeona kwa macho yake na aseme alichoona, saa na mahali, asiongeze. Asiyeona na aulize, wala asichoke kuuliza. Mwezi Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati ule, akihojiwa na BBC, alisema maneno yaliyosikiwa kuwa Azory ametoweka na kufa. Baadaye ikaelezwa kwamba hakueleweka. Fikirini mke akisikia hayo redioni, leo hivi, kesho vile.

Yakobo naye, wanawe waliporudi kutoka Misri na kumwambia Yusufu yu hai, moyo wake ulizimia, hakuwasadiki. Alikuwa amekwisha kudanganywa na nguo. Ila alipoyaona magari yaliyoletwa kumchukua, ndipo roho yake ikafufuka. Magari, ndugu zangu! Yalisimama mlangoni mwake, ng'ombe wamefungwa, na kila mtu wa boma aweza kuyagusa. Gari lililokwenda na Azory halijaletwa mlangoni pa mtu.

Jumapili ijayo, katika sala ya kanisa, tutawataja Azory na Simon kwa majina yao, na nyumba zao. Wazee wa kanisa waje mapema. Aliye na neno aliloliona, si alilosikia, nitakuwa sakristia kabla ya kengele ya kwanza.