Anayelala kwa Watu

Tukisema mtu hana makao, tunamfikiria yule wa barabarani. Lakini hapa Mtopanga yuko aliyefungiwa chumba kwa deni la kodi: leo kwa shangazi, kesho kwa rafiki, Ijumaa anakuja kesha, maana huko hakuna wa kumuuliza analala wapi.

Je, tungoje mpaka aombe? Mimi nasema hapana. Aibu imemfunga mdomo. Mwanamke wa Shunemu hakungoja Elisha aombe. Alimwona akipita mara kwa mara, akamtengenezea chumba chenye kitanda, meza, kiti na taa (2 Wafalme 4:8-10).

Basi tuulizane pembeni, si madhabahuni. Msaada wa kutangazwa haumsitiri mtu. Una mkeka wa ziada? Anza hapo. Amina.