Sifuri Iliyofichwa

Anayecheza karata kwa pesa hupata jibu upesi. Mkono ukiisha, noti zimeongezeka au zimepungua. Upesi huo ndio unaomponza, maana hudhani ameambiwa kama alicheza vizuri, kumbe ameambiwa tu nani kalipwa.

Chukua matatu. Siyo gari la abiria la Nairobi, ni mchezo wa karata unaopendwa Uganda nzima. Ukiteremka kilima cha Nakasero kuelekea sokoni, unaweza kuukuta kwenye steji ya bodaboda, jirani na ludo, saa ambazo abiria ni haba. Kila mmoja hugawiwa karata saba. Unatupa inayolingana na iliyo juu, kopa kwa kopa au tisa kwa tisa, na anayemaliza kwanza ameshinda. Utamu uko kwingine: karata moja hufunuliwa mwanzoni, na saba ya aina hiyo inaweza kuukata mchezo papo hapo. Ukikatwa, kila mtu anahesabu pointi zilizomo mkononi, na mwenye chache ndiye anayekusanya dau.

Sasa saba hiyo unayo wewe, pamoja na tisa na kumi. Mwenzako ana karata nne. Kwa kawaida karata nne hupita pointi kumi na tisa, tena kwa mbali. Unakata. Anafunua: tatu mbili, nne mbili. Kumi na nne. Watazamaji wanaangua kicheko: haraka ya nini?

Kicheko hicho hakina hoja. Kwa yale uliyoyajua, kukata kulikuwa sahihi, na ungekutwa hapo mara mia ingekupasa ukate karibu zote. Ila kuna swali ambalo waliocheka hawakuuliza: zamu zilizopita mwenzako alitupa nini? Kama alikuwa akiondoa wafalme na mabibi kila alipopata nafasi, basi alikuwa akipunguza mzigo mbele ya macho yako, na kosa unalo kweli. Wachezaji wa mahjong wa Japani wanalijua hili kwa uchungu. Kila mmoja wa wanne hushika vigae 13, huvuta kimoja na kutupa kimoja, na kwa kanuni zao anayetupa kigae kinachomkamilishia mwingine mkono hulipa peke yake. Ndiyo maana hodari wao husoma vigae vilivyotupwa kwa makini kuliko wanavyotazama vyao.

Kwa hiyo tuseme uamuzi upimwe kwa yaliyojulikana, matokeo yawekwe kando. Ni kanuni nzuri, na ni hatari. Sentensi ya mwenye hekima, "nilicheza vizuri, bahati ikanikataa," ndiyo hiyohiyo ya mtu anayeteketeza kodi ya nyumba kwa kubeti. Nijuavyo mimi, kipimo cha kuwatenganisha ni kimoja: siku aliyoshinda alisema nini? Kama ushindi huuita akili na hasara huiita bahati, hana falsafa, ana dawa ya maumivu.

Na maumivu hayo yana nguvu zake. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara humwuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha, na kwamba akiikabili hasara ya hakika huwa tayari kubahatisha ili aikwepe. Ndipo dau linapoongezwa maradufu "kurudisha hela". Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamzuia aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, ilhali wa miaka 18 anapiga kura. Sioni kichekesho hapo, ingawa steji haina mlango wa kuulizia kitambulisho.

Linalonisumbua zaidi ni omweso, mchezo wa kale wa Buganda: mashimo 32, kete 64, bahati hakuna. Aliyefungwa hana pa kujificha. Akifungwa mara kumi mfululizo anajua kazidiwa, na akili yake timamu itamwambia asiweke tena pesa. Kwenye matatu, dhaifu hushinda mara kwa mara kiasi cha kutojua udhaifu wake, hivyo kesho anarudi. Bahati tunayoilaani ndiyo inayomlisha hodari, kwani humfichia mteja wake ukweli. Hodari anayeishi kwa karata hana budi kutaka mwenzake aendelee kujidanganya, na hata akiona kosa lake hatamsahihisha. Sijui namna ya kuliita hili wizi, maana karata ni halali na hakuna aliyelazimishwa. Lakini gurudumu la kasino lenye sifuri moja lina vishimo 37, na kile cha sifuri, kinachoipa nyumba faida yake, kimepakwa rangi ya kijani ili kila mwenye macho akione. Sifuri ya hodari wa steji haionekani popote.