HATUA ZA MTOTO NI AMANA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ijumaa hii tuulizane swali moja: mzazi anayemwondolea mtoto wake kila mwendo, anamhurumia ao anamnyima haki yake?

Nijihukumu kwanza mimi mwenyewe. Utotoni nilitembea kila alfajiri kwenda chuoni, ubao wangu kwapani. Nilipopata uwezo kidogo nikasema: mtoto wangu hatateseka kama mimi. Nikamlipia pikipiki ya kwenda masomo na kurudi, njia isiyozidi nusu saa kwa miguu. Siku moja tulipanda naye kilima kwenda kuzika jirani. Alihema kuliko mimi niliyevuka miaka hamsini. Nikaona haya. Nilidhani nimempa raha, kumbe nilimpokonya nguvu.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilieleza mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji, kwa wastani, dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili hadi moyo upige mbio. Hesabu ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba kati ya vijana 100 wa dunia, wenye miaka 11 hadi 17, 81 hawakufikia kipimo hicho: wavulana 78 kwa 100, wasichana 85. Nusu saa ya kwenda kwa mwendo wa haraka na nusu saa ya kurudi zinakitimiza, bila kulipa hata franka moja.

Mtume wetu (s.a.w.) alituachia funzo. Watu wa Banu Salima walikaa mbali na msikiti wa Madina, wakataka kuhamia karibu. Akawaambia wabaki kwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Basi umbali si hasara yote.

Lakini tusidanganyane. Mtoto anayetembea masaa mawili na njaa, ao anayepita njia yenye bunduki, tusimwambie: vumilia, ni afya. Huyo anatudai masomo ya karibu na njia ya amani. Shida ya mwenzako usiigeuze kuwa mawaidha.

Na mabinti je? Tunawafungia nyumbani na kusema ni stara. Stara ni mavazi na mwenendo, si miguu kulala. Mama Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume mwenyewe. Kama tunaogopa njia, tuitengeneze njia: wazazi wa avenue moja wapange watoto watembee kikundi, mkubwa mmoja mbele, mwingine nyuma. Tuanze Jumatatu.

Huruma ya kweli si kumbeba mtoto siku zote. Ni kumwezesha asimame siku ambayo sisi hatutakuwapo. Mwili wake ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya, elimu na njia salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.